Neno la Siri Juu ya Jiwe

Jamani, leo nimempa mwizi neno la siri la simu ya kazi. Kwa hiari yangu. Tena kwa kelele.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji huku Mwanda. Sikuomba. Mimi ni mtu wa kukaa kwangu na chai yangu, lakini nilichaguliwa kwenye baraza ambayo sikuhudhuria (ukikosa baraza ndio unachaguliwa, mjue). Nikapewa mashine ya kupima presha na simu. Ndani ya hiyo simu kuna kijiji kizima: nani ana sukari, nani ana mimba na mama mkwe hajaambiwa, nani anameza dawa gani. Kwenye mafunzo Voi tuliambiwa neno la siri liwe kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukisia. Nikatunga langu, nikajisifu.

Asubuhi nikapata ujumbe: "Data za wagonjwa wako zinaibiwa. Piga namba hii haraka." Nikakimbilia juu ya jiwe, maana kwetu netiwaki inashika hapo tu. Chini ya jiwe kuna kinu cha kusaga, kinanguruma, na foleni ya watu na debe zao.

"Mama, mimi ni wa kulinda data," sauti ikasema. "Wezi wameingia kwa simu yako. Nipe neno la siri nifunge mlango."

"Uwii! Wako ndani?"

"Wako ndani, mama! Haraka!"

(Mtu ananiambia kuna mwizi, namkabidhi ufunguo. Na kidato cha nne nilimaliza.)

"MANDAZI!" nikasema.

"Sisikii! Kuna mashine inapiga kelele huko!"

"MANDAZI YA MAMA MGHOI..."

"Ongeza sauti!"

Nikavuta pumzi. Na hapo hapo, jamani, stima ikapotea. Kinu kikanyamaza kama kanisa. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"...NI MAWE!"

Nyuso zote zikainuka. Mojawapo ilikuwa ya Mama Mghoi mwenyewe, jirani yangu, ambaye kila asubuhi nakula mandazi yake na kumwambia, "Leo yamezidi utamu, mama."

Hata hakukasirika kwanza. Aliuliza tu, "Unamwambia nani hayo?"

"Ofisi. Wanataka neno la siri."

"Ofisi gani inakuomba ufunguo wa nyumba yake yenyewe?"

Nikaangalia simu. Jamaa ameshakata.

"Kwa hivyo hata ile yangu iko kwa huyo mtu?" akauliza mzee mmoja kwenye foleni. (Sasa wote wakajua mzee ana ile yake.)

Nikampigia msimamizi wetu, Bwana Mwadime. Akasema, "Kaa hapo hapo," akakata. Nikakaa. Stima haijarudi, mahindi hayajasagwa, kwa hivyo hakuna aliyeondoka. Wote wananitazama kama sanamu. Hata mbuzi.

Simu ikalia.

"Nimefunga akaunti ya hiyo simu," akasema. "Alijaribu kuingia, akakosea kuandika. Hajaona kitu. Sasa tunga neno lingine."

"Asante, Bwana Mwadime! Jipya litakuwa..."

"USINIAMBIE!"

Foleni ikaanguka kwa kicheko.

Lakini kicheko ni kitu kimoja, na kufunguliwa mlango ni kitu kingine. Mama Mghoi presha yake imekuwa juu siku hizi, na leo ilikuwa lazima nimpime. Akikataa yeye, kijiji kizima kitakataa. Jioni nikabisha kwake. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Mghoi, siri zenu ziko salama. Na kwa yale mengine, nisamehe."

Akaniangalia, akaangalia mkoba wa mashine. Kisha polepole akakunja mkono wa blauzi.

"Hiyo mashine iingie. Huo mdomo wako ubaki hapo nje."