Mgonjwa Apite, Mama Abaki Nje

Umma unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba hospitali yetu sasa ina Kitengo cha Wagonjwa Ambao Hawajazaliwa. Mkurugenzi amekipaka rangi ya bluu na kukitungia sheria kwa mkono wake. Nami naiunga mkono: mgonjwa apite, msindikizaji abaki nje.

Siku ya uzinduzi nilimpeleka binti yangu, mjamzito wa miezi saba. Damu yake ni ya kundi hasi, ya mumewe chanya, na mtoto kafuata ya baba. Basi damu ya mama ikamwona mtoto kama mvamizi, ikawa inaziangamiza chembe zake nyekundu. Aliyemtangulia tulimzika kwa ugonjwa huo huo. Safari hii daktari alisema wazi: "Leo namwongezea damu humo humo tumboni, kwa sindano nyembamba hadi mshipa wa kitovu. Kesho huenda nisiwe na wa kumwongezea."

Mlangoni alisimama mlinzi, mkanda kaukaza hadi anapumua kwa zamu.

"Shikamoo bibi. Mgonjwa nani?"

"Marahaba. Yumo humu." Nikagusa tumbo la binti yangu.

"Apite. Huyu mama abaki."

"Atapitaje peke yake, baba?"

"Sikutunga mimi, bibi. Mgonjwa ni aliyemo. Huyu kamsindikiza tu."

Binti yangu akafoka, "Miezi saba niko naye, sijamwacha hata chooni!"

"Ndiyo maana nikasema msindikizaji," mlinzi akajibu kwa upole.

Sikugombana naye. Nilivaa miwani, nikazisoma sheria zilizobandikwa ukutani taratibu hadi maandishi ya chini kabisa: mgonjwa anaruhusiwa kuingia na mzigo mmoja, ufungwe kikaratasi.

"Baba, basi huyu si msindikizaji. Ni mzigo wa mjukuu wangu."

Mlinzi alimzunguka binti yangu, akamkagua mbele na nyuma, akauliza kama ndani mna kitu cha kuvunjika.

"Mna mtoto!" nikamwambia.

Akamfunga kikaratasi mkononi. "Pita. Usiangushwe."

Hapo akafika Mkurugenzi na dereva, mshika mwavuli na mpiga picha. Alitaka kupigwa picha na mgonjwa wa kwanza.

"Fungua."

"Samahani, mheshimiwa. Umeshazaliwa?"

"Unaniuliza nini wewe?"

"Waliozaliwa hawatibiwi humu."

"Sheria nimetunga mimi!"

"Nami naisimamia hiyo hiyo, mheshimiwa. Labda uingie kama mzigo. Wa nani?"

Mkurugenzi akatugeukia. Wajawazito waliokuwa foleni wakakumbatia vikapu vyao. "Mie wangu huu unanitosha," mmoja akasema huku akijishika kiuno. Mwingine akajifanya kasinzia.

Akaniinamia mimi, sauti tamu kama ya mposaji. "Mama yangu, si mjukuu wako ndiye aliyeingia?"

"Ndiye. Lakini mzigo wake keshauingiza, mheshimiwa. Sheria yako inasema mmoja."

Jua likatupiga sote, isipokuwa yeye na mwavuli wake. Baada ya kitambo dirisha la bluu likafunguliwa, daktari akatoa kichwa.

"Bibi! Damu imeingia. Moyo unadunda vizuri!"

Niliyafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha nikajisogeza, nikampangusia Mkurugenzi vumbi kwenye benchi la wasindikizaji.

"Kaa, baba, tumsubiri atoke ukapige naye picha," nikamwambia. "Ila hana haraka tena. Tuseme miezi miwili."