Fromaji za Marehemu Papa Bashige

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Fromaji za Masisi, jibini la milimani, zimefika depo yetu ya vyakula, hapa Murara, Goma. Kumi na mbili tu! Walioagiza kwa simu ni thelathini na mmoja. Kompyuta haina huruma: anayetangulia kuagiza ndiye anayepata. Mteja wangu Umurerwa, wa mtaa wa Katindo, huagiza saa sita mchana. Wiki jana alikosa, akaniandikia kwamba akikosa tena atahamia depo nyingine. Bila ujumbe wa Umurerwa, kazi hii ni magunia matupu.

Nimepata akili. Alfajiri nimefungua akaunti ya mteja wa uongo, Papa Bashige, nikamwekea fromaji mbili. Saa sita nimezifuta kwake, nikampa Umurerwa na kumwandikia kwamba nimemfichia. Ameandika asante, na kapicha ka ua juu. Magloire, wewe ni jemadari!

Jumatano, tarehe 5 Juni
Papa Bashige sasa anaagiza hata sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na viazi. Gisèle, anayefunga vikapu, ameuliza mbona kikapu cha muzee huyu hakitoki kamwe. Nimemjibu kwamba ni mtu wa kubadili mawazo. Gisèle anakitamani kiti changu cha kompyuta tangu Pasaka. Wivu tu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Balaa! Mama Généreuse, patroni wetu, amegundua kwamba hakuna anayeagiza mara nyingi kama Papa Bashige. Anataka kumpelekea zawadi mwenyewe. Ameomba anwani. Nikasema Papa Bashige amefariki jana, ghafla.
Maiti haihitaji zawadi. Nitalala vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Nilisahau niko Goma. Hapa mtu akifa hufungi faili, unaenda kilio, nyumbani kwa wafiwa. Mama Généreuse amefunga depo saa mbili asubuhi. Nilipompinga akaniuliza, "Mutu amekufa, na sisi tubakie huku tunapima muchele?" Akapakia gunia la maharage ya Kalengera, mafuta, sukari na makaa. Gisèle alikuja na kitenge cha msiba. Kilio kiko wapi? Mdomo wangu ukasema Katindo. Mdomo huu!

Tumezunguka Katindo kwa saa tatu nzima, Gisèle akibisha kila mlango. Mlango wa buluu akafungua dada mmoja. Umurerwa, uso uleule wa picha yake ya simu! Mama Généreuse akanitambulisha, akauliza kilio cha Papa Bashige. Umurerwa akasema hamjui, anamjua Magloire tu, yule anayemfichia fromaji.

"Magloire, uyu mutu iko wapi?"

Nikakiri yote, nimesimama kando ya gunia. Umurerwa alicheka mpaka akalikalia. Mama Généreuse alifuta machozi ya kicheko. Kumbe fromaji ni za bibi yake Umurerwa, hana jino hata moja. Bibi mwenyewe alitoka, akanipa pole ya msiba. Sikumrekebisha. Nilitamani kumkumbatia.

Gunia limebaki kwao. Mama Généreuse alisema chakula cha kilio hakirudi depo.

Jumatatu, tarehe 10 Juni
Gisèle amekalia kiti changu. Mimi nafunga vikapu. Amenishauri nimwambie tu Umurerwa aagize asubuhi. Ushauri wa watu wasio na akili!

Alfajiri nilikuwa nimeshaagiza kwa simu yangu mwenyewe. Fromaji mbili, Katindo, mlango wa buluu. Jina: Mama Niyonsenga, mjane wa Papa Bashige. Afya yake ni nzuri sana.