Shati Kavu la Mjusi

Aliyewasomea habari ya gazetini ni Clarrie, ambaye klabu nzima ilimwita Redio kwa kuwa hazimwi. Mchana huo wa Januari, magharibi mwa Queensland, wazee walikuwa wamebanana kwenye kibao cha kivulini, wakitazama uwanja wao wa kuviringisha mipira ukifuka joto.

"Sikieni, mabwana. Wataalamu wanasema mtu akizeeka jasho linapungua. Anachemka ndani, nje pakavu. Ila mzee wa mazoezi hutoka jasho mapema, tena jingi."

Mjusi akafyonya. Jina lake hasa Mervyn, lakini jua liwake liwakavyo, ngozi yake hailowi. "Wataalamu! Wamejifungia mjini Brisbane kwenye viyoyozi, wanatupimia jasho! Kipimo sisi tunacho."

Kipimo chenyewe kilikuwa kukamua. Mchezo ukiisha, kila mmoja huvua shati akalikamua juu ya saruji ya mlangoni. Anayedondosha zaidi huwanunulia wote bia. Asiyedondosha hupigiwa makofi kwamba huyo ndiye mwanamume.

"Muulize Bomba hapa," Mjusi akaendelea. "Kila alfajiri anakimbizana na mbwa wake hadi kwenye tangi la maji. Faida yake nini? Anavuja kama bati bovu na anatunywesha bia!"

"Bora mimi navuja," Bomba akajibu, akijifuta shingo. "Wewe mazoezi yako kunyanyua pai ya nyama. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Hilo shati litakuzika."

Mara Bomba akakumbuka nani ameketi mwishoni mwa kibao, akainamisha uso. "Samahani, shemeji."

Noreen, mwishoni mwa kibao, aliendelea kukata machungwa. Januari iliyopita mumewe Les ndiye aliyepigiwa makofi. Shati lake halikutoa hata tone, wakambeba juujuu kama bwana harusi. Akasema anahisi baridi. Wakacheka: baridi, na jua hili! Bia haijafika nusu, akaanguka pale pale mlangoni, asiinuke tena. Shati lile Noreen hakulifua. Halikuwa na kitu cha kufua.

"Les alikuwa mwanamume," Mjusi akasema taratibu.

"Les alikuwa mjinga," Noreen akasema. "Na nyinyi mlimpigia makofi."

Hakuna aliyemtazama.

"Funguo za sanduku la mipira ninazo mimi. Leo haingii mtu uwanjani na shati kavu."

"Shemeji, unanionea! Nikalitoe wapi jasho mimi?"

"Basi kaa hapa, unisaidie kukata machungwa."

Mjusi akainuka na hasira zake, akazunguka nyuma ya jengo. Bomba la maji likasikika likiunguruma. Akarudi amelowa hadi kiunoni, anahema kwa maringo.

"Haya! Jasho hilo. Limenijia ghafla."

Redio akafumbua kinywa. Noreen akakiziba kwa kipande cha chungwa.

"Hongera, Mjusi," akasema. "Nendeni mkacheze."

Wakacheza. Lakini jua la huko halimwonei mtu haya. Mipira haijaviringishwa sana, shati la Mjusi likaanza kukauka mabegani.

"Mjusi!" Noreen akaita kutoka kivulini. "Umekauka. Nenda ukatoke jasho tena!"

Akaenda, akarudi anachuruzika. Akaitwa tena, akaenda tena, akinung'unika kwamba wanawake wameharibu mchezo. Hata hivyo alicheza vizuri kuliko siku zote, na mara ya mwisho alikwenda bila kuitwa.

Mchezo ulipoisha wakajipanga mlangoni. Redio akakamua, vitone. Bomba akakamua, kijito. Mjusi akakamua, maji yakamwagika kama ndoo imepinduka, yakalowesha viatu vya wote.

"Mambo!" Bomba akapiga makofi. "Miaka yote nanunua mimi. Leo zamu yako, mwanamume."

"Ngojeni kwanza. Hili siyo jasho!"

"Siyo jasho?" Redio akauliza kwa upole wa paka. "Basi ulidanganya, ukaingia uwanjani na shati kavu?"

Mjusi akamgeukia Noreen amwokoe.

"Shemeji, kweli ninunue bia ya klabu nzima kwa maji ya bomba?"

Noreen alikuwa anayatazama maji yakikauka juu ya saruji ya mlangoni.

"Nunua, Mervyn," akasema. "Les angenunua kwa furaha."