Sinia la Wakwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Chapati! Jua halijapanda vizuri, Faridu ameshaanza. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na cherehani yangu. Anasukuma, anageuza, anapaka mafuta, na upepo wote wa Nyamisangura, mtaa wetu hapa Tarime, sijui nimeukosea nini, unakuja kwangu. Nimeshona mkono wa shati la mteja kwenye kola. Nimefumua. Nimeushona tena kwenye kola.

Niandike ili nisijidanganye: siruhusiwi. Daktari wa Mwanza alisema ninayo siliaki. Askari wa mwili wangu, badala ya kupambana na wadudu, wakiona ngano wanaushambulia utumbo wangu mwenyewe. Hata makombo yaliyodondokea kwenye wali yanatosha. Kidonge hakuna, dawa ni kuacha. Miaka yote ile ya kuharisha na kukonda, watu wakinipa pole kwa sauti ya chini kama nimeshakufa, kumbe ni chapati! Nami nilikuwa nakula mbili kila asubuhi ili nipate nguvu.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Adija, mke wangu, ananilisha vizuri. Leo mchana sato aliyepakwa unga wa muhogo akakaangwa, ugali wa mtama, mlenda wa karanga. Jioni vitumbua vya mchele. Suruali zangu nimezitanua mwenyewe. Lakini nakula sahani yangu, kwenye kona yangu, kama mtoto mwenye tetekuwanga. Chakula kitamu, ila hamna mkono wa mtu mwingine ndani yake. Hilo ndilo linaniuma kuliko chapati.

Uongo. Na chapati pia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili! Chapati ya muhogo. Kama unga wa muhogo unashika samaki, utashindwaje kushika chapati?

Umeshindwa. Nilikanda, nikasukuma, nikainyanyua. Ikabaki nusu mezani na nusu mkononi. Nikaongeza maji, ukawa uji. Nikaongeza unga, likawa tofali. Nikalikaanga hivyo hivyo kwa hasira, mlango wazi, maana moshi ulikuwa mwingi. Kosa! Faridu akavuka barabara kuja kutazama. Akaniuliza kwa upole kabisa kama hiyo ni chapati au ni kiraka, na kama ni kiraka, nakishonea nini.

Nikamwambia ni mapishi ya kisasa. Akaomba aonje. Akatafuna muda mrefu, akaaga akiwa bado anatafuna. Huyu mtu simpendi. Kama nisingeumwa, ningekuwa mteja wake wa kwanza kila siku.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa. Jumamosi anaolewa Ikram, binti yangu wa pekee. Anaolewa na Hamim, kijana wa Mugumu, fundi seremala, mpole, hana neno. Leo Adija kanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalikwepa kulifikiria: baada ya nikaha, baba wa bibi harusi hula sinia moja na wakwe zake. Wakwe wanaongozwa na mzee Kisyeri, baba yake Hamim, mtu mzima wa heshima zake. Sinia lenyewe, pilau katikati, chapati zimelazwa pembeni pande zote. Makombo kila mahali!

Nikikataa kula nao, nimewatukana. Hapa kwetu anayekataa chakula cha sherehe anamdhania mwenzake mchawi, au mchawi ni yeye. Nikila, nitalala hoi wiki nzima. Nikisema ninaumwa, watauliza ugonjwa gani, unarithiwa au haurithiwi, na jicho la mama mkwe litaanza kumpima Ikram kama mbuzi wa mnadani. Ndoa imevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Adija kasema niwaambie tu, ni watu, wataelewa. Eti mficha maradhi kilio humuumbua. Nikamjibu methali hiyo ni ya watu wasio na mipango.

Ikram alikuwa anapitisha hina kwenye kucha. Akasema yeye hataki mengi siku hiyo, anataka tu kuniona nimekaa na watu nikila. Alisema hivyo bila kuinua uso. Tangu niugue hajaniona hivyo. Nikatoka nje kutafuta uzi, na uzi nilikuwa nao shingoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango umekamilika. Najipongeza.

Mpishi wetu wa harusi ni Nyangi, mama wa Kikurya, jirani, hodari wa masufuria makubwa. Penye udhia penyeza rupia, nami rupia yangu ni sindano: nimemwahidi kumshonea kitenge chake bure, na mikono ya puto. Nikamfuata jikoni ili nimwambie kwamba sinia letu lisiguswe na chapati. Lahaula! Faridu huyo, kaegemea mlango, kaja kukopa chumvi. Mdomo wa Faridu ukijua jambo saa nne, saa tano limefika Sirari mpakani.

Basi nikasema kwa mafumbo. Nilimwambia Nyangi kwamba lile sinia la wazee anajua hali yangu, kwa hiyo pale ni busara. Akaniangalia. Akauliza, busara? Nikamkonyeza, nikasema busara tupu, asichanganye na kitu kingine chochote. Akauliza kama na wageni wa Mugumu pia. Nikasema wao hasa, sinia si moja? Akaitikia kwa kichwa taratibu, uso ukamchangamka, akasema amefurahi sana kuona mtu kama mimi bado anakumbuka mambo ya zamani.

Mambo gani ya zamani sikujua, ila nilifurahi kusifiwa. Mwanamke mwelewa sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima, na mimi adui yangu ni zao la kilimo.

Faridu kaja nyumbani na tabasamu. Kasema jirani ni ndugu, hawezi kuja harusini mikono mitupu. Ataleta chapati beseni zima, zawadi yake kwa Ikram. Adija akashukuru mpaka akapiga vigelegele. Mimi nikashukuru pia. Ulimi ulikuwa mzito kidogo.

Kaacha moja ya kuonja. Iko juu ya kabati, imefunikwa na sahani. Laini, ina madoa ya kahawia, kingo zimekauka kidogo, vile vile marehemu mama yangu alivyokuwa akizipika sikukuu. Tulikuwa tunagombania ya chini kabisa, iliyolowa mafuta. Mama alikuwa ananifichia mimi. Nimeinusa. Kunusa si kula. Nimeinusa mara kadhaa, mpaka Adija akaichukua akampa mtoto wa jirani huku akiniangalia. Nimemkumbuka mama yangu leo.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Nikaha ilisomwa vizuri. Hamim alijibu kwa sauti hadi kuku wakashtuka. Ikram alilia, mama yake akalia, mimi nikakagua pindo la kanzu yangu kwa muda mrefu. Kisha tukaitwa kwenye mkeka. Mzee Kisyeri kulia kwangu, ndugu zake kushoto, mikono imenawishwa. Masinia yakapita kwenda kwa watu wengine, pilau inafuka, nyama hizi! Letu halionekani. Nikatulia. Nilijua Nyangi anatumia busara.

Akaja. Hakuwa na sinia. Alikuwa amebeba beseni kwa mikono miwili, analibembeleza kama mtoto mchanga. Akaliweka katikati yetu. Uji! Uji wa mtama na muhogo, wa kijivu, mchachu, unatoa mvuke. Ndani yake kata moja.

Nikamwuliza kwa macho, nini hiki? Akajibu kwa sauti ya kusikika mkeka mzima: si niliagiza mwenyewe, obosara tupu, ya wazee?

Obosara! Wakurya uji wanauita obosara! Nimezaliwa Tarime, babu yangu alikuja na cherehani kutoka Tanga, na mpaka leo Kikurya changu ni cha kusalimia na kupunguziwa bei ya kuku. Nyangi Kiswahili anakijua kunishinda, ila nimemkuta jikoni, na jikoni kwake ni Kikurya. Nilitamani mkeka unimeze. Faridu alikuwa amekaa sinia la jirani, mabega yanamtikisika.

Mzee Kisyeri akatazama beseni. Akanitazama mimi. Nikaona ndoa ya mwanangu inaondoka na gari la Mugumu. Kisha akachota kata, akanywa, akafumba macho. Akasema uji wa namna hii mara ya mwisho aliunywa kwa bibi yake, wanaume wote kata moja, na kwamba siku hizi watu wanakaribishana kwa soda. Akapokea nduguye. Akapokea mwingine. Kata ikafika kwangu.

Nikanywa. Mtama na muhogo, hakuna ngano hata chembe. Nilikunywa waliponywea wao, nikampa wa pembeni, akanywa niliponywea mimi. Ikazunguka tena. Nikaangalia upande wa wanawake, Ikram alikuwa amefunua mtandio, ananitazama. Machozi yakanitoka. Nilisema ni mvuke.

Basi mzee Kisyeri akaninong'oneza. Kwamba wao wanajua habari ya tumbo langu tangu siku ya posa, Ikram mwenyewe aliwaeleza. Kwamba mkewe, mama Hamim, kanipikia pilau yangu peke yangu, kwenye sufuria mpya iliyonunuliwa kwa kazi hiyo tu, na imebebwa mapajani toka Mugumu ili isichanganyike na vya wengine. Akanisogezea, imepakuliwa kwenye sinia. Akaingiza mkono wake kwanza, akanimegea nyama, na wenzake wakafuata. Sinia langu likawa letu. Sijawahi kupendwa hivyo na watu nisiowajua. Wallahi ni pilau tamu kuliko zote nilizokula maishani.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu.

Lakini beseni la Faridu likapita. Moyo ulikuwa umejaa, na moyo ukijaa akili inahama. Nikajiambia tumbo lenye furaha halidhuriki. Nikajiambia uji umeshatandika njia. Moja ikaingia mfuko wa kanzu, sijui iliingiaje. Nikaenda nyuma ya bafu. Nilikula nimesimama, haraka, bila chai. Ilikuwa ya chini kabisa, iliyolowa mafuta.

Jumapili, 10 Agosti

Chooni.

Chooni.

Adija kaona doa la mafuta kwenye kanzu. Nimesema samli ya pilau.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala, tumbo limevimba. Adija kaketi kitandani, kaniuliza taratibu nilikula nini. Niliandaa jibu la kweli. Lilifika kwenye meno. Nikasikia nikisema sijui, labda ile sufuria ya mama Hamim haikuoshwa vizuri.

Akatoka nje na simu, nikamsikia akimwita Ikram.

Nilipaswa kumwita arudi. Nilijifanya nimesinzia.

Jumatano, 13 Agosti

Nafuu. Nimekunywa uji na ndizi za kuchemsha.

Mzee Kisyeri kanipigia. Sauti yake haikuwa ile ya mkekani. Kaniomba radhi. Mimi! Kasema mkewe analia tangu juzi, sufuria aliisugua kwa mikono yake na haelewi kosa liko wapi. Nikasema asijali, ni mambo ya kawaida. Ikram kachukua simu. Kasema wamekaa, wameshauriana, wameona wasihatarishe tena maisha yangu. Nikija Mugumu nije na chakula changu kutoka nyumbani, nao watanitengea chumba cha kulia, kisafi, nikae peke yangu kwa amani. Mama Hamim ameapa hatanipikia tena. Ikram alikuwa analia anaponiambia, akanisihi nisijisikie vibaya.

Nimejisikia vibaya sana. Nilipata mkeka mzima wa watu, nikaubadilisha na chapati moja nyuma ya bafu. Natamani kata ile. Natamani mkono wa yule mzee kwenye sahani yangu. Natamani mwanangu anitazame tena kama Jumamosi.

Adija kasema liko jambo moja tu la kufanya, kuwapigia na kusema ukweli, na kwamba yeye ameshajua tangu jana alipolifua lile doa la kanzu, samli ya pilau hainuki unga. Kaweka simu karibu na mto wangu. Kanisubiri.

Nimefikiri sana. Ukweli utamwaibisha Ikram kwa wakwe zake, hapana. Nimepata mpango bora zaidi, sijui kwa nini sikuufikiria mapema. Nitawapigia niwaambie nimepona kabisa. Ijumaa nakwenda Mugumu, nakaa kwenye sinia lao, na chochote watakachoweka nitakula.