Mashanta Kumi na Moja ya Sarria

Ukitaka kumjua mjinga mjini Sarria, Balbino Outeiro alikuwa akisema, usimtazame usoni; mtazame viatuni. Viatu vipya maana yake hujaji ameshuka kwenye treni leo, hajaionja njia ya hija ya Santiago hata hatua moja, na bado anamwamini kila mwenye sura ya mwenyeji.

Alhamisi hiyo Balbino alikuwa ameegesha gari chini ya ngazi ndefu zinazopanda mji wa juu. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma na kupanga, juu ya kitambaa cheupe, magamba ya kombe, yale ambayo kila hujaji huyaning'iniza mgongoni. Aliyaokota nyuma ya mkahawa wa samaki, akayachemsha kwa sabuni. Kwa wateja, yalikuwa yamebarikiwa na askofu. Bei ilitegemea jinsi mteja alivyopiga ishara ya msalaba: polepole, bei juu.

Lakini wiki hii Balbino hakuwa na raha. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, na hati zake zilikuwa kwa dada yake mkubwa, Dorinda, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani walimpisha njia. Dorinda alikuwa amesema maneno machache, kama kawaida ya mahakimu: "Jumamosi uje na kazi ya heshima, au uje na funguo. Binamu Eladio anahitaji gari la kubebea jibini." Na gari lile lilikuwa kitanda cha Balbino, duka lake, na mambo yakichacha, miguu yake. Kumnyang'anya gari ilikuwa ni kumkata mapaja.

Ndipo akaliona shanta moja kubwa, la buluu, zuri, likija juu ya miguu miwili myembamba. Hakuangalia viatu. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, kwa sababu viatu vile vilikuwa vimeshonwa mara tatu kwa uzi wa kuvulia samaki.

"Karibu, dada! Gamba lililobarikiwa, ufike salama."

Msichana akalichukua, akalinusa. "Lilibarikiwa kabla ya kuliwa au baada? Bado linanuka kitunguu saumu."

"Hiyo ni harufu ya utakatifu."

"Basi nyumbani kwetu Ghent jiko zima ni kanisa." Akalirudisha. "Naitwa Lieve. Usijisumbue, kaka. Nina miezi mitano barabarani, tangu Krakovu, kwa fedha ambayo wenzangu huimaliza kwa wiki mbili. Nalala kwenye treni nisilipie kitanda. Sokoni naingia wakati wa kufunga, ndizi zimechoka na muuzaji kachoka. Jioni nakula rafu ya hosteli, vile wanavyoviacha wanaoondoka: tambi nusu pakiti, mchuzi wa jana."

"Na umejifunza nini huko kote?"

"Kwamba anayeuliza bei kwa sauti ndiye hulipa zaidi." Akalizunguka gari, akapiga teke gurudumu kama mnunuzi wa punda. "Na hili linabeba nini zaidi ya uongo?"

Balbino akacheka. Alipenda watu wenye ulimi. Waliibika vizuri, kwa kuwa walijisikiliza.

Lieve akashusha sauti. Kule juu, katika hosteli aliyofikia, kulikuwa na mahujaji wenye viuno vibovu na mifuko mizima. Kesho wangetembea mikono mitupu, na mashanta yao wangeyaacha ukumbini alfajiri ili yabebwe kwa gari hadi Portomarín, kama ilivyo desturi ya njia ile. Hakuna mlinzi. Hakuna stakabadhi. Mashanta kumi na moja yangefungwa utepe mwekundu.

"Desturi hiyo naijua kabla hujazaliwa," Balbino alisema. "Kuiba shanta ni rahisi, dada. Kuliuza ndiyo kazi. Na yana dereva wake."

"Dereva wa kila siku huja saa mbili. Sisi tunafika saa moja. Na mnunuzi ninaye. Anachukua kwa jumla, hataki lililofunguliwa. Kesho atakuwa Portomarín, hosteli ya Bi Obdulia. Unayapanga ukumbini pale, unasubiri saa nane mchana."

"Hosteli? Mbele ya macho ya watu?"

"Kaka, shanta utalificha wapi kama si kati ya mashanta?"

Balbino akatikisa kichwa, kama mtu aliyesomewa aya. Miaka ishirini ya utapeli, na wazo kama hili halijamjia!

"Gawio?"

"Nusu kwa nusu. Saa moja kamili unichukue mlangoni, twende pamoja."

"Naapa kwa kaburi la baba."

Wajanja wana sheria moja takatifu: ukiapa kwa kaburi, hakikisha aliyemo hawezi kutoka. Balbino alilala usingizi mzito akihesabu nusu yake na nusu ya msichana, zote katika mfuko mmoja. Angempelekea Dorinda noti chache, aseme ni malipo ya awali ya kazi mpya.

Saa kumi na mbili asubuhi, saa nzima kabla ya miadi, alikuwa mlangoni mwa hosteli. Mashanta yalikuwa pale, utepe mwekundu, moja hadi kumi na moja. Alipolibeba la pili, akatokea mzee wa Kijerumani amevaa soksi. Balbino akaanza kutunga uongo. Mzee akamshikia mlango.

"Umewahi sana, kijana! Hilo la kijani taratibu, lina dawa zangu za mgongo."

"Usijali, mzee. Kama yai."

"Mungu akubariki."

Balbino alikaribia kulia kwa huruma. Watu wa namna hii, alijiambia, ni dhambi kutowaibia. Akapakia, jasho likamchuruzika hadi kwenye soksi. Na wahenga wa Sarria, kama wangekuwa na washairi, wangemwimbia:

*Mla vya watu kwa hila, hana budi kukumbuka,*
*siku ya kulipa hula, huku jasho lamtoka.*

Barabarani aliwapita mahujaji wakitembea mvuani. Wakampungia. Naye akawapungia, kwa ufedhuli mtamu. Alivuka daraja la mto Miño, akapanda Portomarín, akayapanga mashanta ukumbini kwa Bi Obdulia, mama mnene mwenye miwani kichwani, ambaye alisema tu, "Yasogeze, yasizibe njia ya choo," kana kwamba alikuwa akimtarajia.

Akasubiri. Saa nane kasoro robo mlango ukafunguliwa. Hakuingia mnunuzi. Aliingia mzee wa soksi, sasa ana viatu, akitiririka maji.

Balbino alitafuta dirisha. Lilikuwa na nondo.

"Lipo!" mzee akapiga kelele. "La kijani lipo!" Nyuma yake wakaingia wengine, wanawake kwa wanaume, wakihesabu utepe. "Kumi na moja! Halijapotea hata moja!" Wakapiga makofi. Mama mmoja Mfaransa akambusu Balbino mashavu yote mawili. Mwingine akamtilia chungwa mkononi.

"Yule binti alituambia una gari na huna kazi," mzee alisema. "Yuro tatu kwa shanta! Wengine wanadai zaidi. Tulimpa zetu jana."

Balbino akalishika lile chungwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameiba mashanta kumi na moja, na kuyafikisha kwa wenyewe, mazima, kabla ya wakati.

"Na mimi nimempigia Dorinda," Bi Obdulia akasema, akimpa simu. "Tulisoma darasa moja. Ongea naye."

"Balbino," ikasema simu. "Nimelia."

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Usieleze, utaharibu. Eladio atabeba jibini mgongoni. Funguo kaa nazo. Ila kila siku ya Mungu, saa moja asubuhi, uwe unapakia, hadi baridi ianze. Siku Obdulia akiniambia hukuonekana, nakuja mwenyewe."

Ndipo akaingia Lieve, mikono mitupu, anatafuna cheri. Balbino akamvutia pembeni.

"Mwizi wewe! Fedha zote umechukua!"

"Piga kelele zaidi," Lieve akasema. "Waambie nimekuibia. Watakuuliza ilikuwaje."

Balbino akawatazama mahujaji. Walimtabasamia. Naye akawatabasamia, akaanza kumenya chungwa.

"Saa moja kamili nilikuwa mlangoni," msichana akaendelea, "nimekushikia mkate na kahawa. Nikavimaliza peke yangu, nikatembea kilomita ishirini na mbili. Ungenisubiri, kaka, nusu ilikuwa yako. Haki ya Mungu ningekupa."

Hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu aliona ni kweli.

"Na kesho?" akauliza, sauti ndogo.

"Kesho nusu kwa nusu, hadi Palas de Rei. Saa moja kamili."

Jumamosi Balbino aliamka kabla ya jogoo. Saa moja kasoro dakika kumi alikuwa kwa Bi Obdulia, amenawa uso, amechana nywele, mwaminifu kwa mara ya kwanza tangu komunyo yake ya kwanza. Ukumbini palikuwa na utepe mwekundu hadi kwenye ngazi: mashanta kumi na tisa. La buluu halikuwepo.

"Lieve yuko wapi?"

"Kaondoka na basi la saa kumi na mbili," Bi Obdulia akasema, akifuta meza. "Jana baada ya chakula aliwapunguzia bei wote, wakamlipa safari nzima, siku nne hadi Santiago. Alisema wewe fedha huzishiki, una nadhiri. Nikasema, kumbe Balbino amebadilika hivi!"

Nje mvua ilianza. Mzee wa soksi alikuwa tayari amemshikia mlango. Mfukoni simu ikalia, na Balbino hakuhitaji kuangalia jina.

"Umeshaanza?" Dorinda akauliza.

Balbino akainama, akaingiza bega chini ya shanta la kwanza, akanyanyuka nalo.

"Napakia, dada," akasema. "Napakia."