Korianga Kutoka Endabash

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Karatu. Nimempata! Askari wa Vita vya Kagera, yu hai, ana kumbukumbu zote, anaishi upande wa Endulen ndani ya Ngorongoro. Anaitwa Mzee Sairowua, Mmasai. Tasnifu yangu imepona! Dkt. Penina, msimamizi wangu chuoni, alishasema wazi: bila shahidi aliyepigana mwenyewe, hakuna kuhitimu Novemba. Na mama ameshachagua kitenge cha mahafali na kuwatangazia wanajumuiya wote wa Endabash.

Tatizo ni Naserian. Tunasoma naye mwaka wa tatu, historia hiyohiyo, vita hivyohivyo. Naye kasikia habari za mzee huyo. Dkt. Penina kaamua: hawezi kupokea tasnifu mbili za shahidi mmoja. Atakayetangulia kumtumia rekodi kabla ya Jumamosi jioni, mzee ni wake. Haki iko wapi? Naserian ni Mmasai wa Ololosokwan, mimi Mwiraqw! Basi nimeamua. Hadi keshokutwa niwe Mmasai.

Jumanne, 5 Agosti
Tobiko anayewauzia watalii shanga hapa mjini kaniazima shuka, fimbo na makatambuga, vile viatu vya matairi. Nimependeza mno! Kanionya kwamba mwanamume kwanza huulizwa rika lake. Vijana wa umri wangu ni Nyangulo. Nikakataa. Nani atampa kijana siri za vita? Nataka rika la watu wazima. Akataja Korianga, wenye wake na ng'ombe wao. Nimelichukua hapo hapo! Kimaa, lugha yao, sijui, ila nitasema nililelewa mjini kikapotea. Tobiko alitaka kuongeza neno kuhusu Korianga na rika la mzee, yaani Makaa. Nikamwambia inatosha, gari linaondoka.

Jumatano, 6 Agosti
Endulen. Baridi ya kukata masikio! Naserian kanitangulia kwa hatua chache. Alipofika alimwinamia mzee kichwa, akaguswa utosini kama mtoto, kisha akaenda kukaa na akina mama jikoni. Nilicheka moyoni. Mtafiti gani wa historia ya kijeshi anaanzia jikoni?

Mimi nilimpa mzee mkono, kifua mbele, nikatangaza kwamba ni Korianga. Mzee akanitazama usoni, akatazama makatambuga (nilikuwa nimeyageuza, la kulia kushoto), akawaita wazee wenzake wawili. Wakafurahi sana! Wakanieleza kwamba Makaa ndio waliowawashia Korianga moto wa ujana wao. Korianga hakatai neno la Makaa. Akikataa, wanamlaani. Kisha mzee akasema vijana wake wote wameondoka na ng'ombe wa kuuza, kesho ni mnada Karatu, hivyo ni baraka kwamba Korianga amefika. Nikakabidhiwa ng'ombe waliobaki.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimechunga! Mimi, mtu wa mwaka wa tatu! Maji yako mbali, vumbi tupu, miguu imetoka malengelenge. Dume moja jeusi halisikii fimbo wala matusi. Eti linaitwa Qamara. Jina la kwetu Endabash kabisa! Zizini nikaliambia kwa Kiiraqw lina kichwa kigumu kama watu wa kwetu.

Jioni nikaomba mahojiano rasmi. Nimeandaa maswali mazuri ajabu juu ya mkakati wa kijeshi na mnyororo wa amri. Mzee akasema kesho, tukiwa machungani, atanisindikiza. Safi! Ng'ombe wakishakunywa nitamketisha, nitawasha simu, tutaanza.

Ijumaa, 8 Agosti
Siku imeharibika. Mzee kaongea njia nzima, mimi nasubiri aketi, haketi. Ameng'ang'ania habari za yule dume. Eti Qamara alikuwa kijana wa Endabash, walikuwa kombania moja. Wakati wa kuvuka mto, mzee alikuwa na homa, Qamara akabeba bunduki mbili na mzee mgongoni. Walicheka kwamba, baada ya vizazi vya kuibiana mifugo, Mwiraqw kambeba Mmasai na hakuna ng'ombe aliyeibwa. Karibu na Masaka, Uganda, Qamara akapigwa risasi akafa. Mzee alimfukia kwa sufuria ya kupikia, kwa kuwa hakukuwa na jembe. Aliporudi akampa ndama wake jina hilo, na tangu hapo zizi lake halijakosa Qamara. Hapo mzee akafuta macho kwa ncha ya shuka. Vumbi, nadhani. Nikamuuliza upesi kuhusu mnyororo wa amri. Akasema hakuwahi kuuona.

Jioni Naserian akaniuliza tuliongea nini. Nikamsimulia yote, kwa uchovu tu. Akaanza kulia! Akauliza kama nimerekodi. Kurekodi nini, habari za ng'ombe? Akasema niende sasa hivi nimwombe mzee arudie, nimtumie Dkt. Penina, maana hadithi ni yangu, nimeitembelea kwa miguu. Tena akaongeza kwamba mzee anajua tangu Jumatano kuwa mimi si Korianga, na jana aliposikia naongea na dume alijua natoka Endabash, ndiyo maana kanisimulia.

Mtego mtupu! Anataka niwasilishe ng'ombe, nichekwe idara nzima, yeye abaki na vita. Nikamwambia aichukue yeye, nampa bure kwa moyo mweupe. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika! Nalala kwa furaha.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi mzee alimsimulia Naserian, kisha Naserian akapanda kilimani kutafuta mtandao. Adhuhuri Dkt. Penina akanipigia. Anasema hajasikia ushahidi kama ule tangu aanze kufundisha. Kaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nachunga. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nitafute shahidi mwingine, la sivyo mama akikunje kitenge hadi mwakani.

Wakati wa kuaga mzee alinigusa utosini bila kuniomba niiname. Akasema salamu kwa Endabash. Nikamjibu kwamba nina haraka.

Jumapili, 10 Agosti
Karatu. Mambo yamenyooka! Kuna mama mmoja kule Buger, anaitwa Eva, alikuwa jeshini wakati uleule wa vita, amestaafu, hajahojiwa na mtu yeyote. Naserian hana habari! Safari hii sirudii kosa. Kosa lilikuwa mavazi ya Kimasai. Mwanajeshi humfungukia mwanajeshi mwenzake. Nimepata kofia ya kijeshi kwa fundi na nitajitambulisha kama kapteni. Nimepeleleza kwanza, kama mtafiti wa kweli, nikaambiwa mama Eva alistaafu akiwa meja, ngazi moja tu juu ya kapteni.

Vizuri sana. Kapteni na meja wataelewana. Kesho alfajiri naondoka. Wanasema ana shamba kubwa la mbaazi na vijana wa kuvuna hana.