Guleid Mwana wa Alio na Mbuzi Mweupe

Jongeeni, enyi mnaokunywa chai ya asubuhi bila kuuliza maziwa yametoka wapi! Tegeni masikio, watu wa Garissa na wa ng'ambo ya Tana, na nyinyi wa Wajir hadi Mandera, iwafikie habari ya Guleid mwana wa Alio, simba wa malisho, bwana wa ngamia kumi na wanane; ambao, tuseme kweli, ukame wa mwaka wa tisini na mbili uliwamaliza wote, naye akabaki bwana wa fimbo yake tu.

Basi mwaka uliofuata shujaa huyu, mwenye miaka sitini na mitatu na ndevu za hina, alikuwa akiishi mjini na mkewe Sirad na mbuzi mmoja mweupe. Jumanne Sirad aliteleza kisimani akavunjika mkono, akarudi kutoka hospitali na plasta hadi juu ya kiwiko. Jumatano asubuhi mbuzi akalia kilio cha kutikisa ua, kwa maana kiwele kilikuwa kimejaa kama ngoma, na jirani yao Roda, ambaye angemkamua, alikuwa amekwenda harusini Hulugho.

"Baba Anab," Sirad akaita kutoka mkekani, "asipokamuliwa leo, kiwele kitaharibika. Mkamue."

Guleid akainuka, akafunga kikoi chake upya, akauhutubia ua mzima, yaani kuku watatu. "Mimi! Mkono huu umekamua ngamia, nimesimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti, kama walivyosimama baba zangu! Mbuzi hukamuliwa na wanawake. Watasema nini mkahawani?"

"Watasema mkeo amevunjika mkono."

Kwa neno hilo ngome ya kwanza ikaanguka.

Akatwaa jagi, akamwendea adui kwa hatua za utukufu, akasimama kwa mguu mmoja, akaweka jagi juu ya goti, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Lakini kiwele cha mbuzi kilikuwa chini kabisa, karibu na kifundo chake cha mguu. Akainama, mbuzi akasogea. Akaruka kwa mguu ule ule mmoja. Mbuzi akasogea tena. Ndipo akamshika mguu wa nyuma kwa nguvu zilizowahi kumwangusha ngamia dume, naye mbuzi akarusha teke moja tu. Jagi likapaa. Kuku wakatawanyika kama jeshi lililosikia mzinga. Simba wa malisho akaketi juu ya samadi, bila kukusudia.

Na wakati huo huo uso wa Jelle, rafiki yake wa mkahawani, ukachomoza juu ya ua wa miti.

"Warya Guleid! Ngamia wako amesinyaa?"

"Namkagua kwato," akasema Guleid kwa sauti ya hadhi, samadi ikiwa hadi mgongoni.

Mbuzi akalia tena. Guleid akageuka, akamwona Sirad ameshika mlango kwa mkono wake mmoja mzima, anajikokota ainuke aje kuifanya kazi mwenyewe, midomo ameibana kwa maumivu. Akaona aibu, wala si ile ya samadi.

"Keti, Mama Anab," akasema. Kisha akamgeukia Jelle. "Si kwato. Namkamua. Na sijui."

Neno hilo, sijui, halikuwa limetoka kinywani mwake tangu siku ya ndoa yake. Alingoja limuue. Halikumuua. Kwa kweli alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa chumvi, akaanza kujicheka mwenyewe hadi machozi yakalowesha hina.

"Wewe hufanyaje?" akamwuliza mkewe.

"Chuchumaa nyuma yake."

"Magoti nampigia Mola tu."

"Sikukwambia umsujudie. Nimekwambia umkamue. Halafu humwimbii?"

"Unamwimbia?"

"Miaka thelathini na minane," akasema Sirad. "Wewe ulikuwa huko na ngamia."

Akaimba kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo ambayo mumewe hakuwahi kuisikia: *Tulia, binti wa wenye subira, nipe kidogo, nawe ubaki na kidogo.* Mbuzi akasimama, masikio yakalegea. Guleid akachuchumaa, magoti yakalia kama milango mikuukuu, akaufuatisha wimbo kwa sauti nzito iliyokosea kila mahali. Jelle akaingia uani bila kukaribishwa, akashika pembe.

"Nionyeshe na mimi," akanong'ona. "Wallahi, hata mimi sijui."

Maziwa yakatoka. Tone, kisha uzi, kisha mlio mtamu ndani ya jagi. Vikombe viwili kasoro! Guleid akachemsha chai mwenyewe, akamletea mkewe kwa mikono miwili. Sirad akaonja.

"Ina moshi," akasema. Akainywa yote, akanyoosha kikombe aongezwe.

Basi wenye kalamu na waandike, na wasio na kalamu wakumbuke: kwamba Jumatano hiyo, mjini Garissa, kabla jua halijawa kali, Guleid mwana wa Alio alichuchumaa nyuma ya mbuzi mbele ya mkewe, shahidi mmoja na kuku watatu, na mbingu hazikuanguka, na alipoulizwa mkahawani jioni kama ni kweli, alijibu, "Ni kweli, na kesho nitamkamua tena, maana leo niliimba vibaya."